Jumapili ya Tarishi

Ujumbe wa Esta ulinikuta dukani Guildford, nimeshika kitunguu mkono mmoja na simu mkono wa pili. Ulikuwa wa Kiingereza, kwa sababu Esta Kiswahili anakisikia chote lakini akijibu hujibu kwa Kiingereza, na ulikuwa na sentensi mbili tu: kwamba mama yake, Faida, amefariki asubuhi hiyo hospitalini, na kwamba alitaka nisikie kutoka kwake mwenyewe. Nilikirudisha kitunguu mahali pake taratibu, kama mtu anayerudisha yai. Kisha nikakasirika. Nasema kweli, kabla sijalia nilikasirika. Nina miaka arobaini na saba, nimepeleka habari za msiba kwenye nyumba nyingi za Waafrika wa magharibi mwa Sydney, na najua inavyofanywa. Mnakwenda watu watatu au wanne, mchungaji akiwemo, mnakaa, mnasalimiana, mnaomba, ndipo mmoja wenu anasema. Mtu haachiwi habari kama hiyo peke yake mbele ya vitunguu. Huyu mtoto, nikajiambia, hakufundishwa. Zilipita wiki tano ndipo nikajua kwamba alifundishwa vizuri sana, na kwamba somo lenyewe lilitokana na mimi.

Wiki hizo televisheni haikuchoka kutangaza kwamba Tarishi inatimiza miaka hamsini, na kwamba Jumapili asubuhi kutakuwa na kipindi maalumu, hapa na duniani kote kwa wakati mmoja. Jina lake la Kiingereza ni jingine. Tarishi ni jina nililolibandika mimi, na halikuwahi kutoka nje ya nyumba yetu. Ni tamthilia ya chombo kinachosafirisha barua kati ya nyota, na nyota zenyewe ziko mbali kiasi kwamba barua ikifika, aliyeiandika huenda alishazeeka au alishazikwa. Makapteni hubadilika kila miaka michache, maroboti hubadilishwa bati, lakini sheria ya chombo ni ileile tangu mwanzo: barua hukabidhiwa mwenyewe, mkononi, siku ileile inapofika. Mimi nimeikwepa kwa miaka ishirini. Wanangu wakiiwasha, nakumbuka nguo za kukunja chumbani. Wao hudhani naogopa maroboti, nami nimewaacha wadhani hivyo.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, mwanafunzi wa unesi mwaka wa mwisho, na nilipanga kwa Mama Joze, hapo hapo Guildford, katika nyumba ya kuta nyembamba ambayo ukipiga chafya sebuleni mtu wa jikoni anakuombea afya. Mama Joze alikuwa mjane kutoka Uvira, kiongozi wa akina mama wa kanisa letu, mwanamke mnene wa sauti na wa moyo. Mimi na Faida tulilala chumba cha nyuma, ambacho zamani kilikuwa baraza kabla mtu hajakizungushia vioo. Mwezi wa saba kilikuwa kinatoa baridi kama friji, na hita yetu moja tuliipokezana: leo ielekee kitanda chako, kesho changu. Faida alitoka Bukavu. Alikuwa anafunga maboksi katika ghala moja la Smithfield, zamu ya alfajiri, na alikuwa na miaka thelathini, sawasawa na Tarishi, jambo ambalo hakuchoka kulitaja. Nilimwita dada kwa sababu ya umri, halafu baada ya miezi michache nikamwita dada kwa sababu nilikuwa sijui ningemwitaje vingine.

Televisheni tuliiokota. Ilikuwa ile siku ambayo mtaa mzima hutoa makochi na magodoro yake kando ya barabara ili kaunsili iyazoe, na Faida, akitoka kazini, akaiona imekaa kwenye nyasi kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Alinipigia simu nikamletee toroli ya supamaketi. "Wee dada, aliyeitupa alijua anachofanya," nilimwambia tukiisukuma, gurudumu moja likikataa kwenda. "Hiyo imekufa kitambo."

"Ikiwaka, utanipikia chapati mwezi muzima," akasema.

Iliwaka. Ilitaka tu waya wake ubanwe kwa kibanio cha nguo, na kibanio hicho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa isipokuwa Faida. Nikapika chapati mwezi mzima, nikila maneno yangu pamoja nazo. Kila siku saa kumi jioni, wakati vipindi vya zamani vya Tarishi viliporudiwa, nilimkuta sebuleni amevua viatu vya kazi, sahani ya sombe, kisamvu cha kwao, na samaki wadogo wakavu juu ya magoti, daftari kando. Alisoma maandishi yaliyopita chini ya picha, akachukua maneno na kuyapeleka Smithfield kesho yake. Ndiyo maana Kiingereza chake kilikuwa cha ajabu. Alikuwa hajui kuomba likizo, lakini alijua kuamuru chombo kigeuzwe.

"Ju ya nini unapenda vitu vya roboti, mama muzima?" Mama Joze alikuwa akimwuliza, akipita na ndoo ya nguo.

"Hawa bazungu baliandika habari yangu bila kuniuliza," Faida alimjibu siku moja bila kuondoa macho kwenye kioo. "Mama yangu akiandika barua leo, mimi nasoma kisha miezi mbili. Namusoma hapo iko mugonjwa, na labda yeye alishapona. Ao nasoma hapo iko muzima, na labda…" Hakumalizia. Alikata tonge akala.

Mama yake ndiye aliyekuwa mtu wake. Aliishi Bukavu na kaka yake Faida, Pasifike, na mwaka huo miguu yake ilianza kuvimba. Pasifike akiwa na neno alikuwa anabipu, simu inaita mara moja na kukata, naye Faida anakwangua kadi ya simu na kumpigia. Simu ya Faida ilipoanguka majini kazini, alimpa Pasifike namba yangu, na hata baada ya kupata simu nyingine namba yangu ilibaki kule. Sikuliwazia jambo hilo hata kidogo. Tulizoea kulishana, kuvaliana masweta na kuazimana wino, namba ya simu ilikuwa nini?

Kipindi maalumu cha miaka thelathini kilitangazwa mwezi mmoja kabla. Kingeonyeshwa Jumapili saa moja asubuhi, wakati huohuo na kule kinakotengenezwa. Faida akashikwa na wazimu. Aliandika vikaratasi kwa mkono akavigawa kanisani, na kanisa letu lilikuwa ukumbi wa shule wa kuazima, ibada yetu saa nane mchana baada ya wenye ukumbi kumaliza shughuli zao, kwa hiyo asubuhi hakuna aliyekuwa na udhuru. Wote walimcheka. "Sisi tuangalie roboti asubuhi ya Mungu?" Mama Joze alisema mbele ya watu, na akina mama wakaangua kicheko, nami nikiwemo. Faida naye alicheka, lakini usiku aliniuliza kama kweli hakuna atakayekuja. Nikamwambia mimi nitakuwepo. "Wewe haukuje, wewe unalala hapa," akasema. Alitaka mtu atoke kwake na kuja. Tangu afike nchi hii, aliniambia, hakuna aliyewahi kupanda treni kwa ajili yake.

Jumamosi jioni simu yangu iliita mara moja ikakata. Faida alikuwa jikoni anakanda mandazi ya kesho. Nilitoka hadi kwenye chumba cha kufulia, nikampigia Pasifike, naye akaniambia kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulia kwamba mama yao amefariki alfajiri, na kwamba nisimwambie Faida peke yangu. "Tafuta wakubwa," akasema. "Asianguke hakuna mutu." Nilimtafuta Mama Joze. Alikaa juu ya mashine ya kufulia, mwanamke yule mkubwa, akafunika uso kwa taulo. Kisha akaanza kupanga, kwani kupanga ndiko kulikomsimamisha. Pasta yuko zamu ya usiku ghalani, atatoka asubuhi na kuja moja kwa moja. Akina mama waje mapema, wasije wakampigia pole kabla ya wakati. Simu ya Faida aliichukua kwa siri, akaizima na kuificha ndani ya mkebe wa unga.

"Tumwambie sasa hivi," nilisema. "Mimi na wewe tunatosha."

"Mimi habari ya bwana yangu niliambiwa kwa simu," Mama Joze akanijibu. "Niko peke yangu njiani. Nilianguka mu barabara, motokari zikanizunguka kama jiwe. Hapana, binti. Huyu hataanguka hivyo."

Alikuwa na haki. Bado naamini alikuwa na haki, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi, kwamba nikitafuta mtu mbaya katika kisa hiki simpati. Kwa desturi ile sina neno. Desturi ilinitaka ninyamaze tu. Kilichofuata nilikifanya mwenyewe.

Jumapili Faida aliamka kabla ya jua. Alivaa kitenge chake cha buluu, akabana waya kwa kibanio, akapanga viti kumi ambavyo hakuna aliyeahidi kuvikalia. Nilikuwa jikoni natia maji kwenye birika. Akaja akasimama mlangoni, nywele bado zimefungwa kitambaa, akaniangalia vile mtu anavyomwangalia anayemfahamu.

"Njeri. Niliota mama usiku. Na simu yangu siioni. Bukavu balipiga?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kudondosha kikombe. Nilimtazama machoni nikasema, "Hapana, dada. Hawajapiga." Akashusha pumzi, akacheka kidogo akijicheka mwenyewe, akaenda kupakua mandazi. Njia ya mwongo ni fupi, husema wazee, na yangu ilikuwa na urefu wa saa mbili.

Saa moja kasorobo mlango ukabishwa. Walikuwa akina mama wawili kutoka Smithfield, na sufuria imefungwa kwa leso. Faida alifungua, akawaona, akaziba mdomo kwa mikono miwili. "Mumekuja!" Kisha wakaja wengine watatu. Kisha mama mmoja na mumewe, kutoka Minto, waliopanda treni ya kwanza. Walikuja na flaski za chai, wali, na mikeka chini ya makwapa, na kila mlango ulipofunguka Faida alipiga kelele ya furaha, akawakumbatia, nao wakamkumbatia kwa muda mrefu kuliko kawaida. Hawakuvaa hereni. Hakuna aliyevaa wigi. Vichwa vyote vilifungwa vitambaa, na vitenge viwili vilifungwa kiunoni kama wanavyofunga wanawake wanaojua kwamba watakaa chini siku nzima. Faida hakuyaona hayo, au aliyaona akadhani ni uvivu wa asubuhi. Viti kumi vilijaa, waliobaki wakaketi sakafuni. Aliwagawia mandazi. Aliwamiminia chai, mmoja mmoja, akiuliza sukari. Alinimiminia na mimi.

Halafu akasimama mbele ya televisheni kama mwalimu. "Huyu mwenye ndevu ni kapitene wa kwanza. Huyu roboti iko na roho nzuri, musimuogope. Leo bote banarudi, hata bale balikufa." Uso wake sijawahi kuuona tena vile. Watu wazima kumi na watatu walitikisa vichwa kwa heshima, vikombe vimewagandia mikononi. Kipindi kikaanza. Kisa chake sikikumbuki hata kidogo. Niliangalia saa ya ukutani kuliko picha. Nakumbuka roboti moja ilianguka ngazi na Mama Joze akacheka kwa sauti, kisha akashika mdomo wake kana kwamba umemponyoka. Nakumbuka Faida alimpiga begani akasema, "Unaona? Nilikuambia!" Na nakumbuka katikati ya kipindi, kapteni wa kwanza alipokuwa akiaga, mama yule wa Minto alishindwa kujizuia, akaanza kulia. Alilia kwa mabega. Faida akatoka alipokuwa, akapiga magoti mbele yake, akampangusa machozi kwa ncha ya kitenge chake mwenyewe.

"Usilie, mama," akamwambia. "Kapitene haendi kabisa. Anarudi mwisho. Mimi najua hii hadisi."

Hakuna aliyeweza kumtazama. Mimi nilitazama chai yangu, nikainywa, kwa sababu mikono ilitaka kazi.

Pasta alifika majina ya waigizaji yakiwa yanapanda kwenye kioo, bado amevaa fulana ya njano ya kazi inayong'aa. "Pasta, umechelewa, imeisha!" Faida alisema huku akicheka. Mama Joze akanyoosha mkono akakiondoa kibanio cha nguo. Picha ikafa. Nadhani hapo ndipo alipojua, kabla Pasta hajafungua mdomo, kwa sababu ya mkono huo kwenye kibanio. Aliangalia vichwa vilivyofungwa, akaangalia mikeka, sufuria, vitenge viunoni. Aliwaangalia wote kwa zamu, na wa mwisho akaniangalia mimi.

"Njeri," akasema. "Nilikuuliza."

Alianguka, na watu walikuwepo wa kumdaka, kama Mama Joze alivyotaka. Tulikaa naye siku saba. Watu walipika, waliimba, walilala sakafuni, na hakuna jambo la msiba lililokosekana. Siku ya tatu, wenzetu wakiwa uani, aliniambia maneno ambayo nayajua kwa moyo. Hakupaza sauti. "Mama yangu amelala mu morgue, mimi niko nawapa chai, niko nafundisha majina ya roboti. Mu nyumba yote, mimi ndiye wa mwisho kujua. Na nilifikiri mumekuja ju yangu." Nilimwomba msamaha. Akasema sawa. Alisema sawa kama anavyosema mtu aliyegongwa kikumbo kwenye treni, na mwisho wa mwezi akahamia Minto kwa yule mama aliyelia wakati wa kipindi. Televisheni aliiacha. Nami nilifaulu mitihani yangu, nikapata kazi, nikaitwa sista na wazungu wazee, na mwaka ule ukaisha.

Hatukugombana, na huo ndio ubaya wake. Kwa miaka ishirini tulikutana kwenye harusi na vipaimara, tukasalimiana vizuri, tukaulizana watoto. Nilimbeba Esta akiwa na wiki mbili. Nilijiambia kila mara kwamba siku moja nitakwenda Minto, nikae jikoni kwake, niseme lile neno hasa: kwamba habari niliizuia kwa agizo la wakubwa, lakini uongo ulikuwa wangu, na niliusema kwa sababu niliogopa kuwa peke yangu naye atakapolia. Nilikuwa na gari. Minto si mbali. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini hata kitambaa sikuleta.

Wiki ya tano baada ya ujumbe ule, Esta alinipigia. Aliuliza, kwa Kiingereza chake cha haraka, kama Jumapili naweza kwenda kutazama kipindi cha miaka hamsini. Mama alikuwa amekingoja, akasema, alikuwa amekiandika kwenye kalenda ya hospitali. Nilipika chapati. Nilipofika Minto hapakuwa pamepambazuka vizuri, na mtoto yule wa miaka kumi na saba alifungua mlango, akaiona sufuria yangu imefungwa kwa leso, na macho yake yakaruka juu ya bega langu hadi barabarani.

"Aunty, uko peke yako?" aliuliza kwa Kiingereza. "Hakuna mtu amekufa?"

Basi alikwisha simuliwa. Nikamwambia niko peke yangu, nimekuja kutazama tu, nimekuja kwa ajili yake. Akanipisha. Sebule ilikuwa ndogo, safi, na kwenye meza daftari la zamani lilikuwa wazi, maneno ya Kiingereza yameandikwa kwa mkono ninaoufahamu. Esta alinimiminia chai. Kisha, bila kunitazama, akaniambia kwamba siku mbili kabla ya mwisho mama yake alimwekea utaratibu wa simu. Kwanza Njeri, kabla ya Pasta, kabla ya Pasifike, kabla ya kanisa lote. Aambiwe wazi, mara moja, asipangiwe watu. Esta alikuwa amebisha, akasema Aunty atakuwa peke yake, ataumia. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mtoto huyu alinisemesha Kiswahili, Kiswahili cha Bukavu chenye sauti ya mama yake ndani.

"Alisema, 'Njeri asikuwe wa mwisho kujua.'"

Sikuweza kujua kama ulikuwa msamaha au ilikuwa adhabu, na nadhani Faida mwenyewe asingenisaidia kuchagua. Nilichojua ni kwamba habari ilinifikia mkononi, siku ileile. Nikamwambia Esta kuhusu asubuhi ile jikoni, birika, swali, na jibu langu. Nililisema lote, kwa Kiswahili.

"I know, Aunty," akasema. "Mama alijua ungeniambia. Kaa, kinaanza."

Nikakaa. Nilitazama tangu mwanzo hadi mwisho, sikuangalia saa. Katikati walionyesha picha za makapteni wote waliopita, hata wale waliokufa, na yule wa kwanza mwenye ndevu akapunga mkono akaondoka. Hapo nikalia, kwa mabega, kama mama yule. Esta akanishika mkono. Hakuna aliyeniambia kwamba kapteni atarudi.